UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA: MHIFADHI WA SANAA NA KAZI YAKE KATIKA MAKUMBUSHO YA UHOLANZI

Utangulizi

Mgeni anayeingia katika makumbusho ya Mauritshuis, mjini The Hague nchini Uholanzi, hupita kutoka chumba hadi chumba akitazama michoro ya karne ya kumi na saba. Huona nyuso za watu waliofariki zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na kando ya kila mchoro huona kibandiko kidogo chenye jina la mchoraji, anwani ya mchoro na mwaka ulipochorwa. Maneno ya kibandiko hicho ni machache mno hivi kwamba mgeni huyasoma mara moja na kusonga mbele. Aghalabu hajiulizi ni nani aliyeyaandika, wala huyo aliyeyaandika alijuaje.

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya kila kibandiko pana mtu ambaye pengine ametumia miaka mingi akisoma nyaraka, akichunguza turubai na kujadiliana na wenzake hadi akaridhika kwamba jina lile lastahili kuandikwa pale. Mtu huyo ndiye mhifadhi wa sanaa. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya mhifadhi anayeshughulikia sanaa ya Ulaya ya kati ya mwaka 1500 na 1800 hivi, na kuonyesha kwamba kazi hiyo, kinyume na inavyodhaniwa na wengi, haikomei katika kupangusa vumbi na kufunga milango jioni. Ni kazi ya kutoa hukumu, na hukumu hizo huweza kumpa mtu haki yake au kumnyima, kulinda ukweli au kuupoteza. Mifano mingi imetolewa Uholanzi, kwa kuwa huko ndiko visa vya wahifadhi vimejadiliwa kwa kina na kwa uwazi.

Mhifadhi ni nani?

Ni muhimu kumtenganisha mhifadhi na watu wengine wanaofanya kazi katika makumbusho. Mkurugenzi ndiye kiongozi wa taasisi na ndiye anayewajibikia fedha zake. Mkarabati ni fundi aliyesomea kemia na ufundi wa rangi. Yeye ndiye anayegusa mchoro wenyewe kwa pamba, kwa kisu kidogo au kwa brashi. Mlinzi hulinda vyumba. Mhifadhi naye ndiye mwenye elimu ya vitu vyenyewe: huwajibika kuvijua, kuvieleza, kushauri ni vipi vinunuliwe na ni vipi visiguswe, na kuamua namna vitakavyoonyeshwa.

Katika makumbusho makubwa kama Rijksmuseum ya Amsterdam, wahifadhi hugawana nyanja. Mmoja hushughulikia michoro ya rangi ya mafuta, mwingine michoro ya karatasi, mwingine vyombo vya fedha, mwingine samani. Katika makumbusho madogo mtu mmoja huyabeba yote. Aghalabu wahifadhi hawa huwa wamesomea historia ya sanaa hadi kiwango cha uzamili au uzamifu. Fauka ya hayo, hulazimika kuzimudu lugha kadhaa pamoja na hati za mkono za kale, kwani wasia, mikataba na orodha za mali za karne ya kumi na saba haziandikwi kwa mwandiko ambao kila msomaji wa leo anaweza kuufasiri.

Kazi zake zaweza kugawika katika makundi matano: kutambua, kufuatilia umiliki, kutunza, kuonyesha na kueleza. Hebu zichunguzwe moja baada ya nyingine.

Kumtambua mchoraji

Swali la kwanza ambalo mhifadhi hukabiliana nalo laonekana rahisi: ni nani aliyechora? Ugumu hujitokeza mara tu mtu anapoanza kulijibu. Mchoraji mashuhuri wa karne ya kumi na saba hakufanya kazi peke yake. Rembrandt, aliyeishi kati ya mwaka 1606 na 1669, alikuwa na karakana iliyojaa wanafunzi waliojifunza kwa kumwiga. Mwanafunzi hodari aliweza kuchora uso ambao hata jicho lililozoea lingeudhania kuwa kazi ya mwalimu. Saini nayo si ithibati ya kutosha, kwa maana saini yaweza kuongezwa baadaye na mfanyabiashara anayetaka kuipandisha bei bidhaa yake.

Kwa hivyo mhifadhi huwaita mashahidi watatu. Shahidi wa kwanza ni jicho. Mtu aliyetazama mamia ya michoro ya mchoraji mmoja hutambua namna anavyoweka mwanga, namna anavyoumba mkono, mahali anapopaka rangi nzito na mahali anapoiacha nyepesi. Shahidi wa pili ni nyaraka. Mathalani, Rembrandt alipofilisika mwaka 1656, mali yake iliorodheshwa na maofisa wa Amsterdam, na orodha hiyo yenye vipengele 363 ingali ikisomwa na watafiti. Shahidi wa tatu ni maabara. Eksirei huonyesha mabadiliko yaliyofichika chini ya rangi. Chembechembe za rangi hupimwa ili ijulikane iwapo zilikuwa zikitumika wakati unaodaiwa. Na iwapo mchoro umechorwa juu ya ubao wa mwaloni, pete za mti huhesabiwa ili kubaini mwaka ambao mti usingeweza kuwa umekatwa kabla yake.

Mashahidi hawa hawasemi kwa sauti moja kila wakati. Katika katalogi aliyoichapisha mwaka 1935, mtaalamu Abraham Bredius alimhesabia Rembrandt michoro zaidi ya 600. Horst Gerson alipoisahihisha katalogi hiyo hiyo mwaka 1969, idadi ilishuka hadi takriban 420. Mwaka 1968 ulikuwa umeanzishwa mradi maalumu wa kuichunguza michoro ya Rembrandt, na kazi yake, iliyochapishwa katika juzuu sita kati ya mwaka 1982 na 2014, ilizidi kuipunguza hesabu hiyo, ingawa mwishoni baadhi ya michoro iliyokuwa imekataliwa ilikubaliwa tena. Mchoro uitwao Mtu mwenye Kofia ya Dhahabu, uliopendwa mno mjini Berlin, uliondolewa jina la Rembrandt katika miaka ya themanini. Turubai haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jina, na pamoja na jina thamani na idadi ya watu waliosimama kuutazama.

Kisa cha Bredius: kosa la mtaalamu

Maisha ya Bredius mwenyewe yanatoa funzo ambalo kila mhifadhi hulijua. Alizaliwa mwaka 1855, akawa mkurugenzi wa Mauritshuis kuanzia mwaka 1889 hadi 1909, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuuona umuhimu wa kuchimbua makavazi ya nyaraka ili kuijua sanaa. Hakuwa mtu wa kubahatisha.

Mwaka 1937, akiwa na umri wa zaidi ya miaka themanini na akiishi Monaco, aliletewa mchoro wa Kristo akiwa mezani na wanafunzi wake huko Emau. Bredius aliutazama na kuuamini. Katika jarida moja la sanaa la Uingereza alitangaza kwamba hii ilikuwa kazi ya Johannes Vermeer, tena iliyo bora kupita zote. Tayari wafanyabiashara wa sanaa waliouona huko Paris walikuwa wameushuku, lakini sauti yao haikushinda sauti ya mzee huyo. Makumbusho ya Boijmans mjini Rotterdam yaliununua kwa zaidi ya gilda 500,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na mwaka 1938 watu walimiminika kuutazama.

Ukweli ulifichuka mwaka 1945 kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Baada ya vita, mchoraji Han van Meegeren alikamatwa kwa kosa la kumuuzia Hermann Göring, mmojawapo wa viongozi wakuu wa Wanazi, mchoro wa Vermeer, jambo lililohesabiwa kuwa ni kushirikiana na adui. Ili kujinasua, alikiri kwamba mchoro ule haukuwa wa Vermeer, aliuchora yeye. Na ule wa Emau pia. Wengi hawakumwamini, basi akachora mwingine mbele ya mashahidi. Tume ya wanasayansi ikiongozwa na Paul Coremans ilithibitisha maungamo yake: ndani ya rangi mlikuwa na kemikali ya plastiki iliyovumbuliwa katika karne ya ishirini. Van Meegeren alikuwa ameichanganya na rangi, akaipaka juu ya turubai kuukuu, akaioka jikoni ili ikauke kama rangi ya miaka mia tatu, kisha akaiviringisha turubai ili ipate nyufa. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja mwezi wa Novemba 1947, akafariki Desemba mwaka huo kabla ya kukitumikia.

Yafaa kuuliza ni kwa nini mtaalamu wa hadhi ya Bredius alidanganyika. Jibu halipo katika macho yake pekee. Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wakidhani kwamba Vermeer, kabla ya kuchora wanawake wakisoma barua au wakimimina maziwa, alikuwa na kipindi cha kuchora visa vya Biblia kwa kuathiriwa na Waitaliano. Mchoro mmoja wa aina hiyo ulikuwa umetambuliwa mwaka 1901, na Bredius alihusika katika kuutambua. Wataalamu walitamani mwingine upatikane. Van Meegeren aliwachorea tamaa yao. Mghushi stadi haigi michoro iliyopo. Huchora kile ambacho mtaalamu anaomba kwa siri kiwepo. Ndiyo maana mhifadhi wa leo hufundishwa kuogopa zaidi kitu kinachomfurahisha kupita kiasi.

Kisa cha Sauli na Daudi: mtaalamu akombolewa

Laiti kisa cha Bredius kingeishia hapo, angekumbukwa kwa aibu tu. Hata hivyo, kuna upande wa pili. Mwaka 1898 alikuwa amenunua kwa fedha zake mchoro mkubwa wa mfalme Sauli akifuta machozi kwa pazia huku kijana Daudi akimpigia kinubi. Alisadiki kwamba ni wa Rembrandt, akauazima kwa Mauritshuis, na alipofariki mwaka 1946 aliuachia makumbusho hayo katika wasia wake. Kwa miaka mingi ulikuwa miongoni mwa michoro iliyopendwa na umma.

Mwaka 1969, Gerson alipoisahihisha katalogi ya Bredius, aliukataa mchoro huo ndani ya kitabu chenye jina la mwenyewe. Alisema si wa Rembrandt. Kibandiko kikabadilika. Wageni waliokuwa wakilia mbele ya Sauli sasa walisoma kwamba machozi yale ni kazi ya mtu asiyejulikana.

Mnamo mwaka 2007 Mauritshuis yaliamua kuuchunguza upya. Kazi hiyo iliwachukua wahifadhi, wakarabati na wanasayansi miaka minane. Waligundua kwamba mchoro huo ulikuwa umepitia mateso. Katika karne ya kumi na tisa, kati ya mwaka 1830 na 1869, mtu fulani aliukata vipande viwili, Sauli upande wake na Daudi upande wake, bila shaka ili auze picha mbili badala ya moja. Baadaye viliunganishwa tena, na pengo lililobaki juu ya kichwa cha Daudi likazibwa kwa kipande cha mchoro mwingine kabisa. Kwa jumla turubai ile ina vipande 15 vilivyoshonwa na kugandishwa pamoja. Juu ya maungio hayo palipakwa rangi nyingi za kufichia, na vanishi iliyogeuka rangi ikazidi kuifunika kazi ya awali. Kwa kutumia mashine zinazopima elementi zilizomo katika kila tabaka la rangi, watafiti waliweza kuona pazia la asili chini ya rangi iliyopakwa baadaye. Wakarabati waliondoa vanishi na rangi za kufichia kidogo kidogo.

Mwezi wa Juni mwaka 2015 makumbusho yalitangaza uamuzi: mchoro ni wa Rembrandt, uliochorwa kwa awamu mbili katika miaka ya 1650. Maonyesho yaliyoandaliwa hayakuuonyesha mchoro tu. Yalionyesha uchunguzi wenyewe, na kumwachia mtazamaji nafasi ya kupima ushahidi. Bredius alikuwa amepatia mwaka 1898 na kukosea mwaka 1937, kwa jicho lile lile. Tofauti ya msingi ni kwamba katika kisa cha pili jicho, nyaraka na maabara viliitwa pamoja, na hakuna aliyeharakishwa. Haraka haraka haina baraka.

Silsila ya umiliki

Swali la pili la mhifadhi ni: mchoro huu ulifikaje hapa? Kila kitu cha kale kina silsila yake, yaani orodha ya mikono iliyokipokea tangu kilipotoka karakanani. Silsila iliyokatika humtia mhifadhi wasiwasi, hasa ikiwa imekatika kati ya mwaka 1933 na 1945, kipindi ambacho Wanazi walipora mali ya Wayahudi kote Ulaya.

Jacques Goudstikker alikuwa mfanyabiashara Myahudi wa sanaa mjini Amsterdam. Wajerumani walipoivamia Uholanzi mwezi wa Mei 1940, alikimbia kwa meli pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Usiku, gizani, alitumbukia katika shimo la meli akafa. Mfukoni mwake mlikuwa na daftari dogo jeusi lenye orodha ya michoro zaidi ya 1,000 aliyoiacha nyuma. Sehemu kubwa ya mali hiyo ilichukuliwa na Göring kwa mauzo ya kulazimishwa. Baada ya vita michoro mingi ilirejeshwa Uholanzi, lakini si kwa familia: iliingia mikononi mwa serikali na kutundikwa katika makumbusho mbalimbali. Mwaka 2006, baada ya madai ya miaka mingi, serikali ya Uholanzi iliwarejeshea warithi michoro 202. Daftari la marehemu lilikuwa miongoni mwa ushahidi uliowezesha hilo.

Kwa wahifadhi, uamuzi huo ulikuwa na maana ya kuteremsha kutoka ukutani vitu walivyovitunza na kuviandikia makala kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, utunzaji hauzai umiliki. Msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Vigango, ile miti iliyochongwa na Wamijikenda kuwakumbuka wazee wao waliokufa, viliibwa kwa wingi katika pwani ya Kenya na kuuzwa ng'ambo, vikaishia katika makumbusho na nyumba za watu Marekani. Tangu mwaka 2007 baadhi yavyo vimekuwa vikirejeshwa. Palipo na urejeshaji, pamekuwepo na mtu aliyefungua majalada na kuuliza: kitu hiki kilifikaje hapa?

Kutunza na kuazima

Kazi ya tatu haionekani kwa macho. Rangi hufifia kwa mwanga, mbao hupasuka kwa ukavu, turubai hulegea kwa unyevu. Michoro ya karatasi kwa kawaida huwekewa mwanga usiozidi luksi 50, na hairuhusiwi kukaa hadharani muda mrefu. Baada ya miezi michache hurejeshwa gizani. Mgeni anayelalamika kwamba chumba kina giza hajui kwamba giza hilo ndilo litakalomwezesha mjukuu wake kuiona picha ile ile.

Wakati mwingine hatari hutoka kwa watu. Mwezi wa Oktoba 2022, wanaharakati wa mazingira walijigandisha kwa gundi kwenye Msichana mwenye Hereni ya Lulu, mchoro wa Vermeer ulio Mauritshuis. Kioo kilichoukinga kiliuokoa. Mchoro huo huo uliwahi kununuliwa mnadani mwaka 1881 kwa gilda mbili na senti thelathini tu, kwa kuwa ulikuwa mchafu na hakuna aliyeutambua. Jambo linalokumbusha kwamba bei ya sokoni si kipimo cha kuaminika cha kinachostahili kutunzwa.

Utunzaji huingiliana na uazimaji. Makumbusho yakitaka kufanya maonyesho makubwa, mhifadhi huandika barua kwa wenzake duniani kote kuomba michoro, akieleza ni kwa nini kila mmoja unahitajika. Anayeombwa hupima: je, mchoro utastahimili safari? Bima italipwa na nani? Wageni wake watasemaje wakikuta ukuta mtupu? Rijksmuseum walipoandaa maonyesho ya Vermeer mwaka 2023, walifaulu kukusanya michoro 28 kati ya takriban 37 inayojulikana, idadi ambayo haikuwahi kukusanywa mahali pamoja kabla ya hapo. Mauritshuis walikubali kumtoa Msichana mwenye Hereni ya Lulu, ila kwa wiki chache tu; alirejea The Hague mwishoni mwa Machi huku maonyesho yakiendelea hadi Juni.

Maonyesho hayo pia yalidhihirisha kwamba wahifadhi wanaweza kutofautiana hadharani. Oktoba 2022 makumbusho ya kitaifa ya sanaa ya Washington yalitangaza, baada ya uchunguzi wa kimaabara, kwamba mchoro wao wa msichana mwenye filimbi si wa Vermeer. Miezi michache baadaye mchoro huo huo ulitundikwa Amsterdam kama kazi ya Vermeer, kwa kuwa wahifadhi wa huko waliusoma ushahidi kwa namna nyingine. Mchoro mmoja, pande mbili za bahari, majina mawili.

Lugha ya kibandiko

Kazi ya mwisho ni kueleza, na hapa mhifadhi hukutana na mwanaisimu. Mwaka 1661 Rembrandt alichora wanaume wawili weusi, mmoja akiwa ameegemea bega la mwenzake. Mchoro huu nao ulifika Mauritshuis kupitia kwa Bredius. Kwa muda mrefu uliitwa kwa jina la Kiholanzi ambalo Wazungu wa zama hizo waliwapachika watu weusi pamoja na Waislamu wa Afrika Kaskazini bila kutofautisha. Leo kibandiko kinasema Wanaume Wawili wa Kiafrika. Mabadiliko hayo madogo yalitokana na utafiti: imethibitishwa kwamba katika karne ya kumi na saba palikuwa na jamii ndogo ya Waafrika huru mjini Amsterdam, tena wakiishi karibu na mtaa wa Rembrandt. Watu wale wawili hawakuwa pambo la kubuni. Majirani wana majina, hata kama majina yao hayakuandikwa.

Jengo la Mauritshuis lenyewe lina swali lake. Lilijengwa kwa ajili ya Johan Maurits, aliyekuwa gavana wa koloni la Uholanzi nchini Brazili kuanzia mwaka 1637 hadi 1644, na aliyehusika katika biashara ya kuwasafirisha watumwa kutoka Afrika hadi mashamba ya miwa. Mwaka 2017 nakala ya sanamu yake iliondolewa ukumbini. Wengine walisema historia inafutwa. Makumbusho yakajibu mwaka 2019 kwa maonyesho yaliyomchunguza mtu huyo kwa marefu na mapana. Mhifadhi hakuwa na njia ya kukwepa. Kunyamaza pia ni kibandiko.

Mafunzo kwa mwanafunzi wa Kiswahili

Je, haya yamhusu nini mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili? Yamhusu sana, kwa sababu miswada ya tenzi za kale inahitaji jicho lile lile. Mashairi yanayohusishwa na Fumo Liyongo yamewekwa chini ya jina lake na mapokeo, kama vile michoro ya wanafunzi ilivyowekwa chini ya jina la Rembrandt. Ni lipi lake hasa na ni lipi la wafuasi ni swali linalodai mizani ya lugha, ya nyaraka na ya historia. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya na kuyaandika, na leo karatasi hizo zimehifadhiwa London. Anayeyahariri hana budi kuuliza maswali ya mhifadhi: ni nani aliyenakili, ni nini kilichoongezwa, ni kipande kipi kilichozibwa kwa kitambaa kigeni kama kile kilicho juu ya kichwa cha Daudi?

Aidha, Wakenya wana sanaa ya Ulaya ya zama hizo nyumbani kwao. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, imehifadhi michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno, ikiwemo ya meli na ya watu. Haikuchorwa na mabingwa, wala haina saini. Lakini anayetaka kujua iliwaziwa na nani, kwa hofu gani na kwa matumaini gani mbali na kwao, atahitaji subira ile ile iliyotumika juu ya turubai ya vipande 15.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mhifadhi wa sanaa ni mtafiti anayetoa hukumu kuhusu uandishi, umiliki, usalama na jina. Hukumu zake si za milele. Sauli na Daudi walipoteza jina la mchoraji wao kwa miaka arubaini na sita kisha wakarudishiwa. Linalotarajiwa kwake si kutokosea, bali kuuweka ushahidi wazi ili atakayekuja baadaye aweze kumsahihisha. Bredius aliandika kwa uhakika mkubwa mno mwaka 1937, na uhakika huo ndio uliomgharimu. Waliomfuata The Hague walichukua miaka minane kabla ya kubadilisha neno moja kwenye kibandiko. Atakayesimama mbele ya mchoro huo siku moja, akasoma jina la Rembrandt mara moja na kusonga mbele, angalau ajue lililotangulia jina hilo.